Karatasi ya koko na fishi ya mshahara: historia fupi ya kodi ya mtu kwetu Plene ya Ruzizi



Mwezi wa kwanza nilipopata kazi yenye kontra, walinipa fishi ya mshahara. Niliisoma mara tatu nikiwa nimesimama chini ya mwembe hapa Luberizi, kando ya barabara namba 5, malori ya kwenda Uvira yakinipulizia vumbi. Juu iliandikwa 600,000. Chini iliandikwa 503,940. Katikati kulikuwa na mistari miwili: CNSS 30,000 na IPR 66,060.

Nilipofika nyumbani papa akaichukua, akavaa miwani, akauliza: "Hizi elfu sitini na sita, nani anazikula?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesoma historia miaka mitano. Ningeweza kumwambia mkutano wa Berlin ulianza mwezi gani, ningeweza kumtajia wafalme wa Ubelgiji kwa mfuatano. Lakini mstari mmoja wa pesa yangu mwenyewe sikuweza kuueleza. Nikasema, "Ni Leta, papa." Akacheka kile kicheko cha wazee wetu wakisikia neno Leta, akanirudishia karatasi.

Andiko hili lilianzia pale. Wengi wenu mmeniandikia kwamba mkisikia kodi roho inaruka, juu hamjui mnadaiwa nini, na nani, na mtaonyesha nini siku mkiulizwa. Mimi naona hofu hiyo tumeirithi. Ina umri wa zaidi ya miaka mia, na ukiijua ilikotoka, unaanza kuitenganisha na kazi yenyewe ya kodi, ambayo kweli ni ya hesabu ndogo na makaratasi machache.

Nianze na sanduku la koko. Koko alikuwa na sanduku la bati, na ndani yake hakuna kilichokuwa na bei: kitabu cha utambulisho cha wakati wa Wabelgiji, karatasi za kodi zilizogeuka rangi ya chai, na picha moja. Oktoba 1996 vita ilipoanza huku Uvira, watu walikimbia na magodoro, na mbuzi, na masufuria. Yeye alikimbia na sanduku lile. Bibi alimlaumu kwa hilo mpaka kufa, juu waliacha mashine ya kushonea. Koko alikuwa anajibu kitu kimoja tu: "Mwanaume bila karatasi ya kodi wanamfunga." Wabelgiji walikuwa wameondoka miaka 36 iliyopita, na yeye bado alikuwa anawaonyesha karatasi.

Kwa nini? Turudi nyuma.

Wakati wa Leopold II, kodi ya mtu wa Kongo haikuwa pesa kabisa. Ilikuwa mwili wake. Kuanzia 1885 Dola Huru la Kongo lilidai mpira, pembe, chakula cha askari, upagazi. Kila afisa alidai kadiri alivyoona. Mwaka 1903 ndipo ikatoka sheria ya kuweka kipimo: saa 40 za kazi kwa mwezi kwa kila mtu mzima. Kwa karatasi inaonekana ni afueni, maana ni kama siku tano hivi. Lakini nani alikuwa na saa? Aliyepima hakuwa mkulima, alikuwa yule aliyeshika bunduki. Tume ya uchunguzi ambayo Leopold mwenyewe alilazimika kuituma 1904 ilirudi na kusema kwamba kipimo hicho hakikuheshimiwa. Watu walikuwa wanakaa msituni wiki na wiki kutafuta mpira. Leta ya wakati ule iliitwa Bula Matari, mvunja mawe.

Kwetu Plene hakukuwa na mpira mwingi wa kutafutwa. Na mpaka haukuwa umekubaliwa. Wajerumani walikuwa wanadai ardhi hii pia. Sasa angalia mwezi wa Mei 1910. Mwezi ule mmoja, huko Brussels, mambo mawili yaliamuliwa ambayo bado tunaishi ndani yake. Wazungu waliafikiana kuhusu mipaka ya upande huu, Ruzizi ikawa mstari: ng'ambo ya pili Ujerumani, ng'ambo hii Ubelgiji. Na ikatoka dekreti ya kodi ya kichwa: kila mwanaume mzima mwenye afya atalipa kwa pesa, kila mwaka. Mwenye bibi zaidi ya mmoja ataongeza kwa kila bibi wa ziada.

Mimi siamini kwamba ni bahati kuviona vitu hivi viwili pamoja. Huwezi kumhesabu mtu kama hujui yuko upande gani wa mto. Na watu walielewa haraka: ukidaiwa huku, unavuka. Miaka yote iliyofuata watu walikuwa wanavuka mito na mipaka, kutoka Ruanda-Urundi kwenda Uganda, kutoka huku kwenda kule, wakikimbia kodi na kazi ya lazima. Jamaa zenu wa ng'ambo, mkiuliza vizuri, kuna koko mmoja kati yao aliyevuka usiku kwa sababu hiyo.

Neno "kwa pesa" ndilo la kukazia macho hapo. Mkulima wa mihogo na mtama pesa ataitoa wapi? Atalima kile ambacho mzungu ananunua, au ataenda kufanya kazi kwa mzungu. Kodi haikuwa ya kujaza kasha tu. Ilikuwa ya kumtoa mtu shambani kwake. Mwaka 1917 wakaongeza mazao ya lazima, siku 60 kwa mwaka, na wakati wa vita ya pili ya dunia, 1942, siku zikafikishwa 120. Hapa Plene zao lilikuwa pamba. Koko alikuwa anasema alilima pamba kijana mzima na hakuwahi kuvaa shati lililotoka ndani yake. Aliuza pamba, akapewa franga, akazipeleka kwa mlipishaji wa kodi, wakati mwingine siku ileile, kwenye uwanja uleule. Pesa ilipita mikononi mwake kama mgeni.

Na alipolipa, alipewa alama. Huko mwanzo kwa sehemu nyingi za Kongo ilikuwa kipande cha chuma chenye mwaka wake, watu wanakivaa shingoni. Baadaye ikawa karatasi na mhuri kwenye kitabu. Asiyekuwa na alama alikamatwa. Fimbo na jela vilikuwa sehemu ya utaratibu. Majirani zetu waliishi vilevile: Kenya walikuwa na kodi ya nyumba na kipande cha kuvaa shingoni, na Tanganyika kodi ya nyumba ni mojawapo ya mambo yaliyochochea Maji Maji mwaka 1905. Sehemu nyingine ya Kongo yetu, kwa Wapende wa Kwango, mwaka 1931 bei ya ngazi ilianguka lakini kodi haikuanguka nayo. Watu wakasema basi. Afisa mmoja wa Kibelgiji, Maximilien Balot, akauawa, na jibu la serikali lilikuwa kuua Wapende wasiopungua 500.

Kwa hiyo koko na sanduku lake hakuwa mjinga. Kwa kizazi chake karatasi ya kodi ilimaanisha kitu kimoja: leo hawanipigi.

Lakini hadithi ninayoipenda zaidi ni ya akina mama, na ilitokea karibu sana na sisi, pale Usumbura, Bujumbura ya leo, saa moja tu ya safari barabara ikiwa nzuri. Mjini, kwenye makartie yaliyojengwa kwa Waafrika, Wabelgiji waliweka kodi ya wanawake waliokaa bila mume. Jina lake rasmi ni la kuchekesha na kuumiza pamoja: wanawake wazima wenye afya "wanaoishi peke yao kinadharia". Kinadharia! Maana yake ofisi ilishaamua kwamba mwanamke asiyekuwa na mume lazima yuko na mwanaume mahali fulani, na pesa yake inatoka huko. Mjane, aliyeachwa, muuza mikate, wote kapu moja. Na mwaka 1950 ilipotoka dekreti ya kukataza ndoa mpya za wake wengi, mke wa pili aliyeolewa kwa dini naye akajikuta kwa vitabu vya serikali hana mume, kwa hiyo ni wa kulipishwa.

Buyenzi, kartie ya Waswahili Waislamu, wakakataa. Miaka ya 1950 mama wajane na walioachwa wa pale walisimama dhidi ya kodi hiyo, na ukisoma walichosema unaona kiasi cha franga si ndicho kilichowauma zaidi. Kilichowauma ni jina. Kwao kulipa ile kodi ilikuwa ni kukubali kwa maandishi kwamba wewe ni malaya. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt aliandika juu ya jambo hili mwaka 1991, na naomba mwenye uwezo wa kulipata andiko lake alisome, juu sisi wa Kivu tunasoma mambo ya mapinduzi ya Ufaransa kabla ya kusoma mapinduzi ya mama zetu wa ng'ambo ya Ruzizi.

Ninalitaja pia kwa sababu nyingine. Fomu ya kodi inaandika wewe ni nani: umeoa au hujaoa, una watoto wangapi, unafanya kazi gani. Wale mama walielewa kwamba kosa kwenye mstari mmoja wa fomu ni kosa juu ya maisha yako. Nitarudi hapo kwa hasara yangu mwenyewe.

Uhuru ulikuja 1960. Vita ya 1964 ikapita hapa Plene mapema kuliko karibu sehemu zote. Mobutu akashika, na tarehe 10 Februari 1969 ikatoka ordonansi-sheria namba 69/009, ile iliyogawa kodi ya mapato katika vipande vitatu: mapato ya nyumba za kupangisha, mapato ya mitaji, na mapato ya kazi. Ndani ya kipande cha tatu ndimo inamokaa IPR, kodi ya mshahara. Fikirini: fishi niliyopewa mimi, mtoto wa simu na intaneti, ilitengenezwa kwa sheria iliyomkuta papa yangu bado anatembea kwa magoti.

Kijijini lakini, wachache walikuwa na mshahara. Kule watu walijua mchango wa chini wa kila mtu, CPM, ambao ulikuwa mtoto wa kodi ya kichwa aliyebadilishiwa jina, pamoja na salongo, kazi ya bure ya kila wiki. Wazee wa hapa wanazitaja CPM na salongo kwa pumzi moja.

Miaka ya 1990 sitakaa sana. Mnazijua kwa masimulizi. Mwaka 1994 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia elfu tisa kwa mwaka mmoja. Mshahara wa mwalimu ukawa hautoshi sabuni, na mshahara usiokuwepo haukatwi kodi. Wazazi ndio wakaanza kulipa walimu moja kwa moja, ile tuliyoiita motivasyo, mpaka elimu ya msingi ya bure ilipotangazwa 2019. Mimi naihesabu motivasyo kuwa kodi, tena kodi nzito kuliko zote tulizolipa, ila haikuwa na sheria wala risiti. Ukijumlisha na barabara, hesabu inazidi: watafiti wa IPIS mwaka 2017 walihesabu barieri 798 kwa Kivu zote mbili. Mama anayetoa nyanya zake hapa kwenda Bukavu analipa mara ngapi kabla ya kufika sokoni? Halafu mtu anaandika ripoti kwamba Wakongo hawana utamaduni wa kulipa kodi!

Mwaka 2003, vita kubwa ikiisha, Leta ilijenga upya nyumba yake ya kodi. DGI ilianzishwa Machi 2003, na mwezi uleule ikatoka sheria namba 004/2003 ya taratibu za kodi. Kwa sisi wa leo hilo ndilo badiliko kubwa, na watu wachache wanalifahamu. Msingi wake ni kwamba mwenye kudaiwa ndiye anajihesabia na kujitangaza mwenyewe, ana namba yake ya kodi, na pesa inapelekwa benki, haiachwi mkononi mwa ajenti. Wakati wa koko mlipishaji alikuja na askari. Sasa wewe ndiwe unaandika, na Leta inakuja baadaye kuangalia kama umeandika kweli.

Kwa mwenye mshahara, anayeandika ni mwajiri. Yeye anakata, anatangaza, na anapeleka ndani ya siku 15 za mwezi unaofuata. Kwa wenzetu wa Kenya kila mwenye namba ya kodi lazima ajaze fomu mwenyewe kwenye mtandao kabla ya tarehe 30 Juni, hata kama hakupata kitu. Mnaona kila mwaka wanavyolia siku za mwisho. Sisi tunaona raha kwamba hatujazi. Hiyo raha ina mtego, nami nilinaswa.

Kwanza tufungue zile 66,060, papa akisoma apate jibu lake. Mshahara 600,000. Inatoka asilimia 5 ya CNSS, yaani 30,000. Hiyo ni akiba ya uzee wako, si kodi. Inabaki 570,000, na kodi inahesabiwa juu ya hiyo. Kipimo tulichokikuta kinakwenda kwa ngazi. Kwa mwaka, franga 1,944,000 za kwanza zinalipa asilimia 3; kutoka hapo mpaka 21,600,000 asilimia 15; kisha 30, kisha 40 kwa wakubwa. Kwa mwezi, ngazi ya kwanza ni 162,000, asilimia 3 yake ni 4,860. Zilizobaki, 408,000, zinalipa asilimia 15, yaani 61,200. Jumlisha: 66,060. Ndiyo yote. Hakuna uchawi. Wengi wanafikiri ukipanda ngazi mshahara wote unapanda nao. Hapana, ni ile sehemu iliyozidi tu.

Sasa hasara yangu. Sheria niliyoikuta ilikuwa inapunguza kodi hiyo kwa asilimia 2 kwa kila mtu wa familia unayemtunza, mpaka watu tisa. Nina bibi na watoto wawili. Kodi yangu ilitakiwa kushuka asilimia 6, karibu franga 3,964 kwa mwezi, yaani kama 47,500 kwa mwaka: mfuko wa mchele na zaidi kidogo ya hapo. Kwenye fomu ya kuingia kazini nafasi ya "hali ya familia" niliiacha wazi, juu cheti cha ndoa kilikuwa Bukavu kwa shemeji na vyeti vya kuzaliwa vya watoto sikuwahi kuvifuata kwa afisa wa uraia. Kwa vitabu vya kodi nilikuwa mtu peke yake. Kinadharia! Nilipokumbuka mama wa Buyenzi nilicheka kwa uchungu.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyeniambia: chini ya sheria hiyo ya 1969, posho ya nyumba haikatwi kodi ikiwa haizidi asilimia 30 ya mshahara wa msingi, na pesa ya usafiri wa kwenda kazini nayo ina nafasi yake. Kontra yangu iliandika yote kwa neno moja, mshahara. Ningeuliza kabla ya kusaini. Nyie ulizeni, kwa adabu, siku ileile ya kusaini, si miezi sita baadaye.

Hayo ni madogo. Kubwa lilikuja nilipoondoka kazini baada ya miezi 11. Nilikuwa natafuta kazi nyingine, na mtu mmoja aliyenitangulia katika mambo haya akaniambia: kusanya ushahidi wa kodi yako yote, juu ukija kujitegemea na kutaka namba yako na cheti cha kutodaiwa, maswali yataanzia huko nyuma. Nikaandika kwa kontable wa zamani kumwomba nakala za matangazo ya IPR ya miezi yangu. Kimya. Nikaandika tena. Nikampigia.

"Mzee, ile pesa iliyokatwa kwangu, ilifika?"

"Ndugu yangu, dosie iko kwa mukubwa."

"Naomba tu bordero za benki."

"Utapata. Tuvumilie kidogo."

Sitamtaja wala shirika lake. Lakini mliofanya kazi hapa mnajua namna hiyo ya kujibu. Na hapo ndipo nilielewa hofu ya koko upya. Yeye aliogopa kutolipa. Mimi nimelipa, kila mwezi, kabla hata sijagusa mshahara, na sina chochote mkononi cha kuonyesha. Koko alikuwa na sanduku. Mimi nina picha za fishi kwenye simu, tena simu iliyopasuka kioo.

Kwa mwenye kuanza kazi, ninavyofanya sasa ni hivi. Fishi ya kila mwezi naipiga picha siku ileile na kuituma kwa barua pepe yangu mwenyewe. Kila baada ya miezi mitatu namwuliza kontable, bila kelele, namba na tarehe ya malipo ya IPR. Yule anayepeleka kweli hakasiriki ukimwuliza. Anakutumia ndani ya dakika tano. Vyeti vya bibi na watoto viko kwenye plastiki moja pamoja na diploma. Mpangaji wa nyumba naye asisahau kwamba kodi ya mapato ya nyumba sehemu yake kubwa imewekwa kukatwa na mpangaji anapolipa pango; usome kontra yako ya nyumba kabla mwenye nyumba na Leta hawajagombana juu ya kichwa chako. Na mwenye biashara ndogo, sheria ya 2013 ilimwekea njia nyepesi kulingana na mauzo yake. Anahitaji daftari la mauzo tu, hata la shule, liandikwe kila jioni. Daftari hilo ndilo linaondoa usingizi mbaya wa mwezi wa tatu.

Niseme pia kwamba mwishoni mwa 2023 Kinshasa ilipitisha sheria mpya ya kuondoa vile vipande vya 1969 na kuweka kodi moja ya mapato ya mtu. Kwa hiyo hesabu niliyofanya hapo juu ni ya mfumo nilioukuta mimi. Kabla ya kuitumia kwa mwaka wako, uliza kipimo cha mwaka huo.

Kuna swali ambalo mmeniuliza kwa siri zaidi kuliko wazi, nami sitalikwepa. Tangu Februari 2025 Bukavu iliposhikwa na AFC/M23 na benki zikafungwa, mtu alipe kwa nani, na risiti ya nani itakuwa na maana kesho? Mimi si mwanasheria. Naweza kusema tu kile historia inaonyesha: si mara ya kwanza. Kuanzia 1998 mpaka 2003 RCD ilitawala na kukusanya kodi Bukavu na Uvira, na watu walilipa kwa yule aliyekuwa mbele yao, kama koko alivyolipa. Wengi walitupa karatasi za miaka ile wakiona aibu kuwa nazo. Mwanahistoria ndani yangu anasema msitupe kitu. Wekeni kila kipande, cha yeyote yule, na tarehe nyuma yake. Aliyekulipisha ni suala la siasa. Kwamba ulilipa ni suala la maisha yako.

Na kuna sababu nyingine ya kutoidharau karatasi hiyo. Mwaka 2016, Kananga, mtafiti Jonathan Weigel alifuatilia kampeni ya kodi ya nyumba iliyopelekwa kwenye baadhi ya makartie na si mengine. Ungetegemea watu waliogongewa mlango waichukie serikali na kujificha. Ikawa kinyume kidogo: kwenye makartie yaliyolipishwa watu walienda zaidi kwenye mikutano ya mji na kujaza fomu za kusema serikali ifanye nini. Ongezeko ni dogo, kama pointi tano za asilimia. Lakini ni Kananga, si Stockholm. Mtu akishatoa pesa anataka kujua imeenda wapi. Papa yangu, aliyeuliza nani anazikula hizi elfu sitini na sita, hakuwa anafanya kitu tofauti na watu wa Kananga.

Wiki iliyopita kontable alijibu hatimaye. Alituma picha kwa WhatsApp, zimepigwa upande upande kwenye meza yenye kikombe cha chai: bordero nne za benki, tarehe zinaonekana, mihuri inaonekana. Nimezichapisha kwa kijana wa sekreteria pale Sange, nikaziweka kwenye sanduku la bati la koko, ambalo bibi alikuwa anawekea mbegu za mahindi.

Miezi nilifanya kazi 11. Saba bado nazingoja.